Ngazi Mia Tatu na Kumi na Mbili

Mpango mkakati wa miaka mitano niliuchapa mimi.
Kuuandika waliuandika wao,
siku nne hotelini, na chupa ndogo za maji mezani
zikifunguliwa, zikiachwa nusu.
Mimi nililetewa madaftari, karatasi za ukutani
na flashi yenye virusi.

Jedwali la saba, safu ya tatu, nikachapa:
asilimia themanini na sita ya wakazi
wanapata maji ndani ya mita mia nne.
Mtaa wetu umo katika hiyo themanini na sita.
Nikafungua ramani, nikaweka rula kwenye kioo:
kutoka kilulani hadi kwa Bi. Kwandu, mita mia mbili na kumi.
Ramani haidanganyi. Imelala chali tu,
na kilima chetu kimesimama.

Anayeishi Mwanza atanielewa.
Nyumba zetu zimekwea mawe kama pimbi,
jiwe ndilo ukuta wa jiko, jiwe ndilo uanio wa dagaa,
na ziwa lote, lote, liko dirishani
likimeta kama sinia la jirani.

Bi. Kwandu amezihesabu ngazi.
Alianza mwaka aliotoka Misungwi na mimba ya Lushinge,
akahesabu kwa Kisukuma, kwa sababu, anasema,
Kiswahili kilikuwa kikimwishia pumzi kwenye mia.
Mia tatu na kumi na mbili, ndoo kichwani.
"Thelathini na tatu ni mbovu," huongeza,
kama mhasibu anayetaja hasara.

Basi usiku ule, ofisi tupu,
korongo juu ya paa wamekunja shingo
kama wajumbe wanaosubiri posho,
kwenye safu ya Changamoto nikaongeza:
ngazi 312.
Sikutumwa na mtu.

Mpango ukapita. Ukapita kamati ya fedha,
ukapita baraza la madiwani, ukagongwa muhuri.
Hakuna aliyeuliza ngazi hizo ni za nini;
kuuliza kungekuwa kukiri hukusoma.
Mchumi akazipa kasma. Mhandisi akazipa mchoro.

Mwaka wa tatu wakaja mafundi
na saruji, na kokoto, na redio.
Zege walilikoroga kwa maji tuliyowapandishia sisi,
shilingi mia tano ndoo.
Kisha wakaweka cha kushikia:
bomba, jamani, bomba la chuma,
kutoka kilulani hadi mlangoni kwa Bi. Kwandu,
limechomelewa ncha zote mbili,
ndani mna hewa.
Mgeni rasmi alikata utepe ngazi ya kwanza,
akatazama juu, akasema panapendeza.

Juma lililopita nimeletewa tathmini niichape.
Lengo: ngazi 312. Hali: limefikiwa, asilimia mia moja.
Nikapanda nyumbani nikihesabu.
Siku hizi ni mia tatu na ishirini na moja.
Fundi alisawazisha vimo,
na usawa nao una gharama zake.

Bi. Kwandu nilimkuta kwenye mia mbili na kitu,
mkono mmoja kwenye ndoo, mmoja kwenye bomba.
Akaligonga kwa pete. Likalia hadi chini,
mbwa wa kilulani akabweka.
"Ng'wanawane, si wewe mwenye mashine?
Andika kwamba kinachotakiwa kupanda ni maji."
Nikamwuliza, niandike safu gani?
Akatua ndoo. Akasogea, akanipisha nikae
kwenye ngazi mpya, saruji bado ina joto la jua,
nikatoa jedwali mkobani,
tukaanza kuitafuta.